Upande wa Moyo Ndio Chanya

Nyumbani kwangu,
Jumapili, baada ya kufua.

Dada yangu mpendwa,

Pokea kwanza salamu zangu, za moyoni na si za mdomoni. Hujambo? Mama naye hajambo? Magoti yake bado yanatabiri mvua, au siku hizi nayo yameanza kusema uongo? Na ile cherehani yako ya kukanyaga umeipatia mkanda mpya, au ungali unaifunga kwa kamba? Mimi ni mzima, ila kifua kinanibana kidogo kwa vumbi la chaki, na bati la jikoni limeanza kuvuja palepale alipoziba fundi. Naamini aliziba kwa mate.

Kabla hujaendelea kusoma, geuza bahasha uitazame vizuri. Nimeibandika gundi mara mbili. Anayekuletea ni mwalimu wetu wa michezo, mtu mwema sana, lakini wema wake haujawahi kujaribiwa kwa barua ya mtu mwingine. Ukiona gundi imeguswa, niambie. Najua unacheka. Unasema mdogo wako ni yuleyule, aliyekuwa akihesabu vipande vya nyama kabla Mama hajafunika sufuria. Cheka tu, lakini hujasahau kwamba siku moja kipande kilipungua kweli.

Nimeandika badala ya kupiga simu kwa sababu nakujua. Simu ungeikata katikati. Barua hata ukiikunja kwa hasira itakungoja mezani.

Jambo lenyewe linamhusu mtoto wetu, binti yako uliyeniachia nimsomeshe. Usishtuke, ni mzima, anakula na anakua, na sketi ulizomshonea zimeanza kuwa fupi. Lakini tangu muhula huu uanze, Chiriku wetu alipoteza sauti. Wewe ndiye uliyempa jina hilo, kwa kuwa alikuwa akianza kusema alfajiri na kunyamaza akilala, na hata akilala hatukuwa na hakika. Sasa akawa anaingia, ananisalimu, kisha anaosha vyombo bila kuambiwa. Dada, mtoto wa umri ule akiosha vyombo bila kuambiwa, kuna kitu. Nikaanza kumchunguza.

Kila Jumamosi alikuwa akiniaga kwamba anakwenda maktaba kujisomea na wenzake. Akirudi, sketi yake ina nyuzinyuzi za kijani, kama za kitambaa kizito kilichokatwa kwa mkasi. Vidoleni ana vumbi la chaki la rangi ya bluu. Mimi nimekula chaki maisha yangu yote ya kazi. Shuleni kwetu ziko nyeupe tu, na hata hizo tunagawana vipande. Nikajiuliza ni maktaba gani hiyo yenye chaki ya bluu. Nikainusa sketi, nikakuta inanukia gundi na mafuta ya mashine. Basi nikaamua ni mvulana. Nikamtengeneza kichwani mwangu, fundi fulani wa pikipiki mwenye meno mazuri na maneno matamu, nikamchukia kabla sijamwona.

Hapo ndipo ukaja mtihani wa majaribio, na shaka yangu ikahama kutoka kwa mvulana ikaenda mahali pabaya zaidi.

Nivumilie kidogo hapa, maana bila fizikia hutaelewa. Swali la saba nililitunga mimi mwenyewe. Mpira wa kilo mbili unakwenda upande wa kulia kwa kasi ya mita tano kwa sekunde, unaugonga uso kwa uso mpira wa kilo tatu uliotulia. Mgongano wenyewe ni nyumbufu, yaani ule ambao hakuna nishati inayopotea kwa joto wala kwa kishindo. Mwanafunzi atafute kasi ya kila mpira baada ya kugongana.

Njia ninayofundisha ni ndefu lakini haina ujanja. Unaandika kwamba momenta ya mwanzo, yaani tungamo mara kasi, ni sawa na momenta ya mwisho. Halafu unaandika kwamba nishati mwendo ya mwanzo ni sawa na ya mwisho. Una milinganyo miwili na visivyojulikana viwili. Unaingiza mmoja ndani ya mwingine, unapambana na kipeo cha pili, na mwisho wa jasho lako unapata majibu mawili kwa ule mpira wa kwanza: tano, au hasi moja. Mtego uko hapo. Ukichukua tano, mpira wa pili unapata sifuri, na hesabu yote inakubali, momenta inatimia, nishati inatimia. Ila huo ndio mwendo waliokuwa nao tangu mwanzo. Ni jibu la mipira ambayo haikugusana, imepenyana kama vivuli na kila mmoja akaendelea na hamsini zake. Jibu hilo unalikataa, unachukua hasi moja: mpira mdogo unarudi nyuma kwa kasi ya moja, mkubwa unaondoka kwa nne. Nusu ya darasa langu ilichukua tano na sifuri, wakalipigia na mstari chini kwa fahari. Nilisahihisha huku nikiguna.

Nikafika kwenye karatasi ya Chiriku, yule ambaye alama zake za muhula uliopita nilikutajia kwa sauti ya chini. Nikakuta mistari mitatu. Hakuna kipeo cha pili, hakuna jasho. Aliandika mlinganyo wa momenta, akaandika kwamba kasi ya kukaribiana ni sawa na kasi ya kuachana, akapata jibu. Njia hiyo ni halali, inatoka katika milinganyo ileile miwili, lakini sikuwa nimeifundisha. Mahali pekee ilipokuwa imeandikwa hapa shuleni ni kwenye mwongozo wa kusahihishia, nilipoiweka pembeni kwa faida ya mwalimu mwingine atakayesahihisha. Na mwongozo ule ulikuwa umefungiwa katika kabati la mitihani.

Tena kulikuwa na jambo la ajabu. Tarakimu zake zilikuwa sahihi, lakini alama zote za chanya na hasi zilikuwa kinyume. Penye hasi moja yeye aliweka moja, na penye nne aliweka hasi nne. Chini ya mchoro alikuwa amechora mshale. Niliuona mshale ule, dada. Macho yangu yaliuona, ila akili yangu ilikuwa imeshatoka nje kumtafuta mwizi.

Kabati la mitihani lina funguo mbili. Moja anayo mwalimu wa taaluma, ambaye ndiye msimamizi wa mitihani yote. Wanafunzi wanamwita Rula, kwa kuwa anatembea wima na kuongea kwa mistari iliyonyooka. Ya pili ninayo mimi, kwenye pochi yangu. Rula alipoiona karatasi ile hakupandisha sauti. Aliuliza tu ufunguo wangu huwa unalala wapi. Nikamjibu unalala kwenye pochi. Akauliza pochi inalala wapi. Nikasema nyumbani kwangu. Akauliza nyumbani kwangu analala nani. Nikamjibu kwa sauti ya mtoto aliyeitwa mbele ya darasa.

Rula alikuwa na maelezo yake tayari. Alisema binti alisoma mwongozo, akazikariri tarakimu, kisha akageuza alama makusudi ili asionekane amenakili. Na mimi, dada, mama mdogo wa mtoto, nilitikisa kichwa nikakubali. Penye moshi hapakosi moto, nikajiambia, na huku nyumbani nimeuona moshi miezi yote hii. Kamati ikapangwa kukaa. Adhabu ya kuiba mtihani kwetu ni moja: jina la mwanafunzi linaondolewa katika orodha ya watakaofanya mtihani wa mwisho. Maana yake miaka yake yote ya shule inamwagika kama maji ya kufulia.

Jioni ile nilimketisha mtoto sebuleni. Nilimuuliza kwa upole, nikamuuliza kwa ukali, nikamuuliza kwa kumzungushazungusha kama askari. Nilipekua mkoba wake mbele yake, jambo ambalo hadi leo linanichoma. Sikupata kitu ila kipande cha chaki ya bluu, kidogo, cha mraba, kimetobolewa katikati kwa kusuguliwa. Nikamuuliza hicho ni nini. Alikichukua akakirudisha mkobani. Nikamuuliza nani kamfundisha njia ile. Mwishoni alisema neno moja tu, bila kulia, huku ananitazama machoni.

"Mama mdogo, sikuiba. Lakini kama lazima nitaje, bora waniite mwizi."

Nilidhani namjua mwongo akiwa njiani anakuja. Sauti ile haikuwa ya uongo, na hilo likanitia shaka zaidi. Ni nani huyo anayefichwa hivi, mpaka mtoto akubali kupoteza shule? Kikulacho ki nguoni mwako, lakini nguo zote nilikuwa nimeshazikung'uta.

Jumamosi iliyofuata nikamwacha atangulie, nikamfuata mchana kweupe na mwavuli mkononi, na hakukuwa na dalili ya mvua. Alipita maktaba bila hata kuitazama. Akapita wauza matairi, akakata kwenye kichochoro cha mafundi seremala, akaingia karakana moja yenye mlango wa bati. Nikasimama nje. Nikasikia sauti ya kitu kigumu kikigonga kitu kigumu, kisha nikamsikia Chiriku anacheka. Akaanza kusema. Dada, alikuwa anasema bila kituo, vile alivyokuwa akisema kwako jikoni, anauliza swali na kulijibu na kuuliza jingine. Kumbe sauti haikupotea. Ilikuwa imehamishiwa kwingine. Niliona wivu nikadhani ni hasira, nikausukuma mlango.

Ilikuwa karakana ya kutengeneza meza za pool, zile za kijani za kugonga mipira kwa fimbo. Meza kubwa ilikuwa katikati, imevuliwa kitambaa chake, limebaki bamba la jiwe tupu, na pima maji iko juu yake. Chini ya meza ilitokeza miguu ya mwanamume mzima. Vitambaa vya kijani vilikuwa vimetapakaa sakafuni. Hapo nikaelewa nyuzi, nikaelewa gundi, nikaelewa chaki, maana wachezaji wanapaka chaki ya bluu kwenye ncha ya fimbo. Lakini miguu ile sikuielewa. Nikainua mwavuli.

Mwanamume akajivuta kutoka chini ya meza, akaketi sakafuni, akanitazama. Ndevu zina mvi. Nywele zimepungua. Akasema kwa upole, kama mtu aliyekuwa ananitarajia tangu wiki iliyopita:

"Shemeji, shusha kwanza mwavuli."

Naomba usiiweke barua chini, dada. Ndiye yeye. Yule ambaye tulikubaliana jina lake halitatajwa nyumbani kwako wala kwangu, na hata sasa silitaji. Ni baba yake Chiriku.

Najua unaloliwaza, maana na mimi niliwaza hivyohivyo: amemvizia mtoto. Nilimuuliza kabla sijashusha mwavuli. Chiriku ndiye aliyejibu, na jibu lenyewe likanirudia mimi. Mwanzoni mwa muhula nilimtuma akanunue kitambaa cha kijani cha kufunika ubao wa matangazo wa shule, nikamwelekeza kwa mafundi wa meza, wanaouza masalio. Fundi alipotaka kumwandikia risiti alimuuliza jina. Mtoto akataja jina lake kamili, pamoja na la baba. Fundi akaweka kalamu chini, akaomba alirudie. Basi hakuna aliyemvizia mtu. Niliyewakutanisha ni mimi, kwa ajili ya ubao wa matangazo.

Sikumwamini hata kidogo, wala usidhani nilimkaribia. Nilikataa kiti. Nilibaki mlangoni na mwavuli wangu, nikamwambia anionyeshe alichokuwa akimfundisha mtoto. Ualimu aliuacha, unajua, siku zilezile alipoondoka kwako, lakini mkono bado ni wa mwalimu. Aliuweka mpira mweupe juu ya jiwe, na mpira wa rangi mbele yake. Akanieleza kwamba katika meza za kutumbukiza sarafu, mpira mweupe wakati mwingine hutengenezwa mzito kuliko mingine, ili mashine imeze ile mingine yote na kuurudisha huo tu kwa wachezaji. Ndiyo maana ukigonga uso kwa uso hausimami palepale kama inavyotakiwa kwa mipira inayolingana. Unaendelea mbele kidogo. Chiriku ndiye aliyeligundua hilo mwenyewe, akauliza kwa nini, na somo likaanzia hapo.

Kisha akainama, akagonga. Kwa mkono wa kushoto, dada. Na juu ya jiwe, kwa chaki ya bluu, palikuwa na mshale uliochorwa kuelekea kushoto, na juu ya mshale alama ya kujumlisha.

Ndipo nilipokumbuka chuo cha ualimu, nilikosoma naye. Darasa zima tulichora mshale wa chanya kwenda kulia, kama vitabu vyote na walimu wote. Yeye peke yake alichora kwenda kushoto, kwa ubishi wa watu wa shoto, na mkufunzi alipomkaripia alimjibu kwamba upande wa moyo ndio chanya. Hesabu zake zilitoka sawa daima, ila alama zote kinyume. Sijawahi kumwona mtu mwingine duniani anayefanya hivyo. Nimemwona mmoja sasa, naye anatumia mkono wa kulia kama wewe.

Nilisimama pale nikaona haya mpaka masikioni. Mwizi wa majibu huiba na alama zake. Kama mtoto angesoma mwongozo wangu, angeandika hasi moja na nne kama nilivyoandika mimi. Lakini ukichora mshale kushoto, mpira unaokwenda kulia unaanza na hasi tano, na ukifuata hesabu kwa uaminifu unafika kwenye moja na hasi nne, kama alivyofika yeye. Ushahidi wa kumtakasa ulikuwa kwenye karatasi ileile niliyomshtakia. Nililala na karatasi ile siku zote hizo na sikuiona, mimi ninayejisifu kuona kila kitu.

Kabla sijaondoka nilimuuliza jambo moja la kifizikia, maana la kifamilia lilinishinda. Nilitaka kujua kwa nini hakumfundisha njia ndefu kwanza. Alijibu huku anafuta mshale kwa kiganja.

"Njia ndefu inakuachia nafasi ya kusema hawakugusana. Ukikubali kwanza kwamba waligongana, hesabu inakuwa fupi."

Kamati ilikaa Jumatatu. Niliwaeleza habari ya alama, mkuu wa shule akaelewa, lakini Rula akasema ubishi wa mshale unaweza kubuniwa. Akamtaka binti amtaje aliyemfundisha. Chiriku akatazama sakafu. Rula akachukua kalamu, akaivuta orodha ya watahiniwa. Hapo, dada, nikavunja ahadi yangu kwako. Nilisema mbele ya watu wazima wanne kwamba mtoto huyu amefundishwa na baba yake mzazi, kwamba yuko hapa mjini, na kwamba nitamleta. Chiriku alinigeukia kwa macho ambayo sitaki kuyaona tena. Nilikwenda mwenyewe kumwita, nikamkuta ananyoosha kitambaa, akaja na nyuzi za kijani kwenye suruali.

Rula akatunga swali jipya palepale, kutoka kichwani, ili pasiwe na neno la kabati. Mpira wa kilo tatu unakwenda kulia kwa kasi ya nne, unagongana na mpira wa kilo moja unaokuja kushoto kwa kasi ya nne. Akamwelekezea baba. Baba akakataa. Alisema anayeshtakiwa si yeye, akageuza kiti chake kikatazama ukuta, akaketi hivyo mgongo kwetu kama mtoto aliyeadhibiwa. Chiriku akaenda ubaoni. Akachora mshale kushoto. Akaandika mistari yake mitatu. Mpira mkubwa unasimama kabisa, sifuri. Mdogo unarudi kwa kasi ya nane.

Rula akatabasamu kwa mara ya kwanza tangu nimfahamu. Alisema haiwezekani mkubwa asimamishwe na mdogo, kilo tatu kwa moja, na ili kutuonyesha akafanya njia ndefu kwenye karatasi yake, kwa kasi, mistari iliyonyooka. Alipofika mwisho akatangaza kwamba mpira mkubwa unaendelea na nne yake, na mdogo na nne yake. Nikainamia karatasi. Alikuwa amegawanya pande zote kwa kile kisichojulikana, jambo ambalo tunawakataza watoto wa kidato cha kwanza, na sifuri ikamponyoka mkononi. Likambaki lile jibu jingine.

Nikamwambia, "Mwalimu, kwa hesabu yako hawajagongana."

Aliivuta karatasi yake. Ni mtu mgumu lakini si mtu mbaya. Alitoa kalamu nyingine, akarudia, akaipata sifuri, akafunga faili. Mkuu wa shule akamwambia Chiriku arudi darasani. Jina lake limebaki katika orodha. Hilo ndilo la furaha katika barua hii, nalo nimelichelewesha kwa sababu linalofuata si la furaha.

Nilipokuwa namsindikiza getini yule bwana, nilimuuliza kwa nini miaka yote hii hakumtafuta mwanawe. Alisimama. Alisema alikuja mlangoni kwako zaidi ya mara moja, na kila mara aliambiwa mtoto hataki kumwona. Sikumwamini. Mtu aliyeondoka ana kila sababu ya kujitengenezea njia ya kurudi. Nikaenda kwa Chiriku, nikamuuliza bila kumwambia nilichosikia, aliwahi kusema hamtaki baba yake? Alinishangaa. Alisema hajawahi kuulizwa. Yeye aliambiwa baba hajawahi hata kuuliza habari zake, na kwamba siku atakapomtafuta, asirudi kumtafuta mama.

Sasa hapo, dada, nina milinganyo miwili. Baba aliambiwa mtoto hamtaki, mtoto aliambiwa baba hamtaki, na katikati yao alisimama mtu mmoja. Nimeifanya hesabu hii kwa njia ndefu na kwa njia fupi. Nimejitahidi kukutafutia jibu jingine, maana wewe ndiye uliyenilea, na nikila leo nakula kwa jasho la cherehani yako. Sijalipata. Shaka yangu imezunguka mji mzima, imemshuku fundi wa pikipiki ambaye hayupo, imemshuku mtoto, imemshuku baba yake, na sasa imekaa mlangoni kwako na haitaki kuondoka. Inaniuma kuliko ninavyoweza kuandika.

Simtetei yeye. Alikuacha na mtoto mgongoni na cherehani ya mkopo, nilikuwepo, nilikuona ukishona huku unalia, umegeuza uso ili machozi yasiangukie kitambaa cha mteja. Una haki ya kutomtaka hadi kaburini. Lakini mtoto hakukuacha, dada. Na usiendelee kumpa lile jibu la tano na sifuri, kwamba hawa wawili hawakuwahi kugusana. Amemwona baba ana kwa ana, amecheka naye. Limeshatokea.

Shule inafungwa mwisho wa mwezi. Kila mwaka wakati kama huu huwa ameshaanza kupanga nguo na kunisumbua na habari za safari. Mwaka huu mkoba wake uko chini ya kitanda, mtupu. Leo asubuhi, wakati tunaanika nguo, alininong'oneza kwamba nikikuandikia nikuulize jambo moja tu kwa niaba yake, kwa kuwa yeye anaogopa. Anauliza kama kitanda chake cha huko bado ni chake.

Mimi sikudai jibu lolote. Nijibie hilo tu, na umpe mwalimu wa michezo, yeye atarudi Ijumaa. Usibandike gundi. Nataka mtoto aifungue mwenyewe.

Msalimie sana Mama, umwambie dawa ya magoti nitaituma. Msalimie na jirani yako wa vitumbua, ingawa bado naamini ndiye aliyechukua ndoo yangu. Chiriku anakusalimu, ameanza tena kusema, leo amesema tangu asubuhi hadi nimemwomba anyamaze nimalize barua.

Na yupo mwingine. Hakunituma, wala mimi sikumwahidi kitu. Ila pale getini, alipokuwa ameshageuka kuondoka, alikumbuka ile meza moja mliyokuwa nayo katika chumba chenu cha kwanza, wewe unakata vitambaa kwa mkono wa kulia, yeye pembeni yako anasahihisha madaftari kwa wa kushoto, na viwiko vyenu vikigongana kutwa nzima mpaka mnagombana, nami nimekaa ng'ambo nawacheka. Aliniuliza kama kiwiko chako bado kinauma. Nikamwambia nitakuuliza.

Ni mimi, mdogo wako akupendaye hata anapokushuku,

Mwalimu.